Kodi ilivyohama kutoka kichwani kwa baba hadi kwenye sufuria ya mama

Leo ubuyu wa mastaa tunauweka pembeni kidogo, tunakula historia. Najua neno kodi likitajwa watu wanafunga ukurasa, ila hii inakuhusu, hasa wewe dada unayeuza siagi ya karanga, unga wa lishe au dagaa wa kukaanga nyumbani kwako, unachukua oda kwenye kikoba na kwenye WhatsApp, na wewe unayenunua.

Nimeamua kuiandika kwa sababu ya stori inayozunguka hapa Nyasho. Dada mmoja, jina kapuni, alipeleka bidhaa zake kwenye kikao cha akina mama sebuleni kwa mwenzao. Bei ya kopo ikasomeka elfu kumi, halafu chini akaongeza 1,800 akaandika "VAT 18%". Sebule ikawaka moto. Wengine wakasema anaibia watu, wengine wakasema ni sheria, wengine wakasema chakula hakina kodi kabisa. Nani mkweli? Ili tujue, inabidi turudi nyuma sana.

Wajerumani walipotutawala walianzisha kodi ya nyumba. Amri ilitoka 1897, ukusanyaji ukaanza 1898, na huko vijijini kiwango kilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Lengo halikuwa hela peke yake. Mtu asiye na rupia ilibidi akatafute kibarua kwenye shamba la mzungu au auze mazao. Yaani kodi ilikuwa fimbo ya kumtoa mtu shambani kwake. Waingereza walipokuja wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Mwenye wake watatu alihesabiwa nyumba za wake zake. Kwa mikoa yetu hii yenye wazee wa mitala, piga hesabu mwenyewe.

Angalia jambo moja hapo. Anayedaiwa ni mwanaume. Anayekimbilia porini akisikia watoza kodi wanakuja ni mwanaume. Mwanamke hayumo kwenye daftari, ila akiuzwa mbuzi wa nyumbani ili kodi ilipwe, ni yeye anayebaki na watoto wasio na kitoweo. Ndiyo maana kule Upare, kwenye mgomo maarufu wa Mbiru miaka ya 1940, wanawake nao waliandamana kupinga kodi ambayo kwenye karatasi haikuwa yao.

Tukapata uhuru 1961. Kodi ya kichwa ikaendelea kwa jina jingine kupitia halmashauri. Baadaye likaja Azimio la Arusha 1967, serikali ya Mwalimu, mtoto wa Butiama hapo jirani, ikawa inahubiri kwamba mkulima asinyonywe. Mwaka 1969 kodi ile ya kichwa ikafutwa. Watu wakashangilia. Lakini serikali haiwezi kuishi kwa kushangilia, kwa hiyo mwaka huohuo 1969 ikaanzishwa kodi ya mauzo.

Hapo ndipo kodi ilipohama. Kodi ya mauzo haikuja na mgambo wala karatasi ya kumfuata mtu mlangoni. Ilikatwa kiwandani na bandarini, bidhaa ikifika dukani bei imeshaibeba. Ukinunua soda, kitenge au sigara, umelipa na hujui. Baba akatoka kwenye daftari, mama anayenunua mahitaji ya nyumbani akaingia bila kuandikishwa. Sisemi ilikuwa njama. Kumkamata mtu kwa sababu tu ana kichwa ni kitu kibaya na kilistahili kufutwa. Nasema tu mzigo haukupotea, ulibadilisha bega.

Halafu zikaja enzi ambazo wazazi wetu hawazisahau. Vita vya Kagera 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zikaisha, maduka yakabaki matupu. Sukari, sabuni, mafuta na unga vikawa vitu vya kupanga foleni. Biashara ikahamia majumbani, tena usiku. Mkoa wetu unapakana na Kenya, kwa hiyo neno magendo huku halihitaji kamusi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaendesha ile vita kali ya wahujumu uchumi. Mtu kukutwa na vitu vingi ndani ilikuwa hatari. Nadhani woga wa Watanzania wengi kuuza nyumbani kwa uwazi ulianzia hapo: ukiuza nyumbani unaonekana unaficha kitu.

Mwaka huohuo 1983 kodi ya kichwa ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo. Ikakaa miaka 20, ikafutwa 2003. Kaka zetu wakubwa wanaikumbuka vizuri sana, waulize walivyokuwa wanaruka madirisha.

Katikati ya hapo kodi ya mauzo nayo ikafa. Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kazi 1996, na Julai 1998 ikaanza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa asilimia 20. Mwaka 2009 ikashuka hadi 18. Mimi nilizaliwa VAT ipo tayari, sijawahi kununua biskuti isiyo nayo.

Sasa tufike kwenye chakula. Tangu mwanzo VAT iliachia vyakula ambavyo havijasindikwa. Mahindi, maharage, mihogo, ndizi, samaki wabichi, hivyo havina VAT. Sheria mpya ya 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, inakubali pia kazi ndogondogo kama kukausha, kutia chumvi na kugandisha. Kwa hiyo dagaa waliokaushwa juani pale mwaloni bado wako salama. Lakini ukiwakaanga, ukatia viungo, ukafungasha kwenye kopo lenye lebo, hicho ni chakula kilichosindikwa, na kwa kawaida kinaingia kwenye VAT. Karanga mbichi haina, siagi ya karanga inayo. Kwa hiyo anayesema "chakula hakina kodi" amesema nusu.

Ila kuna nusu ya pili, na hii ndiyo wengi hawaijui. VAT anatoza mtu aliyesajiliwa VAT tu. Kiwango cha lazima kusajiliwa kilikuwa mauzo ya milioni 100 kwa mwaka, na tangu Julai 2023 kikawa milioni 200. Hiyo ni kama laki tano na nusu kila siku, Jumapili ndani. Mwambie nani hapa mtaani anauza makopo ya hela hiyo kutoka jikoni kwake? Mama ambaye hajasajiliwa hana ruhusa ya kuandika VAT kwenye bei. Akiandika, ile 1,800 haiendi serikalini, inaishia kwenye pochi yake, na sheria inamhesabu ana kosa. Kama anataka elfu kumi na moja mia nane, aseme bei ni 11,800 basi. Hiyo ni haki yake.

Lakini msimrukie sana huyo dada, kwa sababu naye analipa bila kuonekana. Makopo matupu akinunua kwenye duka lililosajiliwa kwa 23,600, ndani yake 3,600 ni VAT. Sukari, lebo, umeme wa kuendeshea mashine ya kusagia, kote amekatwa. Kampuni kubwa iliyosajiliwa inazidai hizo hela, inakatana na ile iliyokusanya kwa wateja. Yeye hawezi kudai. Kwa hiyo ile kauli kwamba wauzaji wa majumbani hawalipi kodi ni uongo. Wanailipa kimya kimya, kama mama zao enzi za kodi ya mauzo.

Na kuna kodi nyingine inayomhusu, ya mapato. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi. Ndiyo maana Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vile vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo ya chini ya hapo. Angalia lakini, wanahesabu mauzo, siyo faida. Ukiuza makopo 15 ya elfu kumi kila wiki, kwa mwaka umefika milioni 7.8. Umeshavuka, hata kama faida yako ni ya kununulia daftari za watoto.

Wenzetu Marekani walikutana na haya mapema. Kampuni ya Tupperware mwaka 1951 ilitoa vyombo vyake madukani ikaviuza kwenye sherehe za majumbani tu, na mwanamke mmoja, Brownie Wise, ndiye aliyeujenga mtindo huo. Baadaye na vyakula vikaingia kwenye sherehe hizo. Kule kodi ya mauzo ni ya kila jimbo. Majimbo mengi yanasamehe vyakula vya kupika nyumbani lakini yanatoza peremende au chakula kilichoandaliwa tayari. Kwa hiyo oda moja inaweza kuwa na vitu vinavyotozwa na visivyotozwa. Tofauti ni kwamba kwa kawaida kampuni yenyewe inapiga hesabu na kupeleka kodi, muuzaji anaendelea na chai yake. Huku kwetu dada yuko peke yake na kalamu.

Hilo ndilo linaloniuma. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipogoma 2023, na tena 2024, nchi nzima ilisikia na viongozi wakakaa nao. Muuzaji wa sebuleni hana mlango wa kufunga ili nchi isikie. Akikosea hesabu anaumia yeye na wateja wake, urafiki wa kikoba unavunjika kwa sababu ya 1,800.

Basi chukua haya matatu. Ukiona VAT kwenye bei, omba risiti ya mashine yenye namba ya usajili wa VAT, hata kama muuzaji ni shoga yako. Wewe unayeuza, andika mauzo ya kila siku kwenye daftari, maana asiye na hesabu ndiye anayekadiriwa. Na gharama za makopo, lebo na umeme ziweke ndani ya bei yako kwa jina lake halisi, gharama.

Haya wadau, uwanja wenu. Bibi na mama zenu walinunuaje sukari miaka ile ya foleni? Na wewe ulishawahi kuandikiwa VAT sebuleni kwa mtu? Tiririka hapo chini, bila kutaja jina la mtu.