Mimea ya Tangi la Samaki Inapokufa Mwezi wa Kwanza: Namna ya Kutafuta Sababu kwa Maji Yetu ya Pwani

Malalamiko ni yale yale. Mtu ameweka tangi sebuleni, kioo kinang'aa, mchanga ni mweupe, mimea imepandwa kwa safu na samaki wametiwa siku hiyo hiyo. Wiki ya pili majani yanaingia manjano, yanatoboka, ukiyagusa yanageuka ute. Mwenye tangi hukimbilia mbolea, kisha taa kubwa zaidi, na mwezi ukiisha hana mimea wala samaki. Hapo ndipo husema maji ya Pwani hayakubali mimea.

Si kweli. Ila maji yetu yana mambo yake, na miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao shida yao ni kuyapasha maji moto. Sisi shida yetu ni kinyume. Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, fuata sababu moja baada ya nyingine, ukianza na ile iliyo ya kawaida zaidi.

Yafa, au yabadilisha majani?

Mimea mingi inayouzwa kwa matangi haikulelewa chini ya maji. Wakulima wake huikuza mizizi ikiwa majini na majani yakiwa hewani, ndani ya vibanda vyenye unyevu mwingi, kwa sababu huko hukua haraka na haishikwi na ukoga wala konokono. Jani lililoota hewani limeumbwa kwa hewa. Likizamishwa haliwezi kujilisha vizuri, na mmea hulitupa na kuotesha jingine, jembamba na laini zaidi, lililoumbwa kwa maji. Badiliko hilo huchukua wiki mbili hadi sita, na kwa mtu asiyelijua hufanana kabisa na kifo.

Ule uitwao Cryptocoryne ndio wenye vituko kuliko yote. Waweza kuyeyusha majani yake yote kwa siku chache kwa sababu tu umehamishwa au maji yamebadilika, ukadhani umekwisha, kisha ukachipua kutoka mizizini wiki kadhaa baadaye. Wengi huung'oa na kuutupa ungali hai.

Namna ya kujua ni nyepesi. Usitazame majani ya zamani, tazama kitovu cha mmea, pale majani mapya yanapotokea. Kikiwa kigumu na kuna ncha ya kijani, hata iwe ndogo kama punje ya mtama, mmea uko hai: kata majani yaliyooza kwa mkasi, uache ulivyo. Usiung'oe kila siku kuutazama mizizi. Lakini kitovu kikiwa laini, cheusi, na kinanuka yai viza, huo umekufa. Utoe siku hiyo hiyo kabla haujaharibu maji.

Umepandwa vipi, na ni mmea gani?

Anubias, ambao asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, na kangaga la Java ni mimea miwili migumu inayofaa sana huku kwetu. Yote miwili ina shina nene linalolala, na mizizi hushuka kutoka hapo. Ukilifukia shina hilo mchangani litaoza, na mmea wote utafuata. Lifunge kwa uzi wa kushonea juu ya jiwe au kipande cha mti, mizizi itajishika yenyewe.

Kuna na mimea isiyo ya majini hata kidogo ambayo huuzwa pamoja na samaki kwa sababu ina rangi ya kupendeza. Ule unaoitwa mwanzi wa bahati si mwanzi. Ni Dracaena, jamaa wa mimea ya bustanini. Mizizi yake yaweza kukaa majini, lakini majani lazima yawe juu. Ukiuzamisha wote utaoza polepole kwa miezi, na hakuna mbolea itakayouokoa. Muuzaji akishindwa kukwambia jina la mmea, muulize angalau swali moja: je, wakaa chini ya maji moja kwa moja?

Maji yenyewe

Hapa ndipo penye kazi. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ukanda wa ufuoni vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, nao ni chokaa. Maji ya visima vyetu hupita ndani ya chokaa hiyo na kubeba sehemu yake. Ndiyo maana sabuni haitoi povu na birika linaganda ukoko mweupe. Hayo huitwa maji magumu. Kisha kisima kikiwa karibu na bahari, au kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia kwa chini, na hapo huwa na chumvi pia.

Ugumu na chumvi ni mambo mawili mbalimbali, na watu huyachanganya. Maji magumu peke yake si adui. Vallisneria, ile yenye majani marefu kama utepe, na Ceratophyllum, ile inayofanana na mkia wa paka, huyapenda. Chumvi ndiyo inayoua. Onja: ukiihisi chumvi kwenye ulimi, mimea mingi ya maji baridi itadhoofika humo, ncha za majani zitaungua na mizizi haitakua. Kangaga la Java na aina kadhaa za Vallisneria huvumilia chumvi kidogo, lakini usizijaribu kwa maji ya kisima kilicho karibu na ufuo.

Maji ya mkokoteni yataka tahadhari. Mtungi wa leo waweza kuwa umejazwa bombani na wa kesho kisimani, na mmea haupendi kubadilishiwa maji hivyo. Muulize mchukuzi wako ameyateka wapi. Maji ya mfereji, kwa upande wake, hutiwa klorini. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Na nyumba zilizofungwa mashine ya kulainisha maji kwa chumvi, msitumie maji hayo tangini: mashine hiyo huondoa chokaa na kuweka sodiamu badala yake, yaani huwaponyesha jambo lisilodhuru na kuwaletea linalodhuru.

Dawa bora tunayo bure mara mbili kwa mwaka. Maji ya mvua hayana chokaa wala chumvi. Acha mvua ya kwanza ioshe mabati, kisha kinga; changanya nusu kwa nusu na maji ya kisima yaliyo magumu bila chumvi, na utakuwa na maji yanayoifaa karibu kila mmea. Usitumie ya mvua matupu, kwani mimea na samaki wahitaji madini kiasi.

Mchanga nao huingia katika hesabu hii. Mchanga wa ufuoni na makombe ni chokaa tupu, na huleta chumvi yake pia. Tone siki au ndimu juu yake: ukitoa povu, hiyo ni chokaa na itazidi kuyafanya maji magumu kila siku. (Tena kuokota matumbawe na makombe ndani ya hifadhi za baharini kama ile ya Mombasa au ya Watamu ni kuvunja sheria.) Tumia mchanga wa mto, ule wa kujengea, uliooshwa mpaka maji yatoke safi. Kina cha sentimita 5 hadi 7 chatosha.

Joto

Miezi ya kaskazi, maji ya tangi lililo sebuleni hufika nyuzi 30 na kupita, na mimea mingi hupenda 22 hadi 28. Maji yakipata moto hushika hewa kidogo, na mmea hutumia akiba yake haraka kuliko unavyoweza kuitengeneza. Ondoa kifuniko, elekeza feni ndogo ipulize juu ya maji. Uvukizi utapunguza nyuzi mbili tatu. Lakini maji yanayovukizwa huacha madini nyuma, basi yanayopungua yajazie kwa maji ya mvua, si ya kisima. Aliye na dari ya mabati asiweke Cryptocoryne wala mimea mekundu. Abaki na Vallisneria na Anubias.

Taa, hewa na njaa

Taa saa 6 kwa siku kwa mwezi wa kwanza, kisha 8, zatosha. Mmea uliopoteza majani hauwezi kuitumia taa ya saa 12. Wa kuitumia ni ukoga, ambao hufunika majani machache yaliyobaki. Jua la dirishani ni hivyo hivyo. Na mmea wahitaji kaboni dayoksaidi, ambayo husafiri ndani ya maji polepole mara elfu kadhaa kuliko hewani, kwa hiyo maji yasisimame kimya. Mtungi wa gesi si lazima kwa mimea niliyoitaja.

Njaa husomeka majanini. Kanuni ni kuuliza: laumwa jani la zamani au jani jipya? Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu huweza kuhamishwa ndani ya mmea, hivyo mmea wenye upungufu huvua majani ya zamani kulisha machanga. Majani ya zamani yote yakiwa manjano ni naitrojeni; yakitoboka vitundu vyenye ukingo wa manjano ni potasiamu. Madini ya chuma hayahamishiki, kwa hiyo upungufu wake huonekana kwenye majani machanga: hutoka meupe-manjano huku mishipa ikibaki kijani. Huku kwetu huo wa chuma ndio utakaouona zaidi, kwa sababu katika maji ya chokaa chuma huganda na mmea haukipati hata kama kipo. Nunua mbolea ya maji ya matangi ambayo chuma chake kimefungwa kisigande, uitumie nusu ya kipimo kilichoandikwa. Au weka tabaka jembamba la udongo mwekundu chini ya mchanga, unao chuma. Samadi usiiguse.

Samaki waliotiwa mapema

Tangi jipya halina bakteria wa kusafisha maji. Hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na kabla hawajakuwepo, kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula na majani yanayooza hugeuka amonia. Sasa zingatia hili: amonia huwa na sumu kali zaidi maji yakiwa ya moto na ya chokaa. Yaani tangi letu la Pwani lenye mimea inayokufa ni hatari kwa samaki kuliko tangi lile lile Nairobi. Kila jani linalooza na kuachwa humo ni sumu inayoongezeka. Toa mabaki kila siku, badilisha theluthi ya maji kila baada ya siku tatu kwa wiki za mwanzo, na samaki wasubiri mpaka mimea ianze kuchipua. Hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka twaijua sote, na samaki ndani ya kioo hana pa kukimbilia.

Na ukishatia samaki, usitie wale wa dhahabu. Watakula majani laini na kung'oa yaliyobaki. Dawa za kuua konokono nyingi zina shaba, nayo hudhuru mimea laini na kuua kamba. Dawa ya mbu ya kunyunyizia usiipulize chumba chenye tangi. Haiui mmea, lakini samaki humwua.

Mimea iliyokufa, na ile iliyozidi, isitupwe mtoni wala kwenye bwawa. Gugumaji la Ziwa Victoria na Salvinia iliyolivamia Ziwa Naivasha zote asili yake ni Amerika ya Kusini, na zilifika kwa mikono ya watu. Ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha ichanganye na udongo wa mchicha.