Mwasumini: namna ya kuupanda, kuupogoa na kuchuma maua yake

Asumini ni ua dogo jeupe linalonukia usiku, na kwa Waswahili wa pwani limeungana na harusi kama vile udi na hina. Jina lake limeendelea kupewa watoto wa kike hata katika miji iliyo mbali na bahari, kuanzia Buyenzi mjini Bujumbura hadi Biryogo mjini Kigali. Mmea wenyewe, mwasumini, huweza kustawi katika miji hiyo pia, ilimradi upate mambo matatu: jua, maji yasiyotuama na mkasi. Hilo la tatu ndilo linaloogopwa na wengi. Mwasumini hutoa vitumba katika matawi machanga. Usipopogolewa hugeuka kichaka cha majani na vijiti vikavu, na mwenye nyumba akadhani umezeeka.

Mmea wenyewe

Mwasumini unaozungumziwa hapa ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Jasminum sambac. Ni wa ukoo mmoja na mzeituni. Mtaalamu wa Sweden, Linnaeus, aliuorodhesha mwaka 1753 kwa jina la Nyctanthes sambac, na mwaka 1789 William Aiton akauhamishia katika jenasi ya Jasminum. Ingawa katika lugha kadhaa za Ulaya huitwa asumini ya Uarabuni, asili yake ni Asia ya Kusini. Ulifika Uarabuni na mwambao wa Afrika Mashariki kwa mikono ya watu. Neno asumini limetoka katika Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea kutoka Kiajemi.

Ni kichaka cha mita moja hadi tatu, chenye matawi membamba yanayopenda kutambaa au kuegemea ua. Majani yake ni ya kijani kilichokoza, nayo huota mawili mawili yakielekeana. Vitumba hutokea kwenye ncha za matawi, kwa kawaida vitatu hadi kumi na viwili katika kishada kimoja. Ua hufunguka jioni au usiku, na siku ya pili hunyauka, weupe wake ukageuka wekundu hafifu kabla ya kuanguka.

Aina zake hutofautishwa zaidi kwa wingi wa petali. Ipo yenye safu moja, ambayo vitumba vyake vyembamba ndivyo bora kwa kutungwa uzini. Ipo pia yenye petali nyingi zilizobanana mfano wa waridi dogo; hiyo hupendeza ikivaliwa moja moja nyweleni, lakini huchelewa kukua.

Mnunuzi ahadhari, kwani mimea mingine yenye maua meupe huuzwa kwa jina la asumini. Jani au kijiti kikikatwa kikatoa utomvu mweupe kama maziwa, huo si mwasumini. Mmea uitwao malkia wa usiku, ambao nao hunukia sana baada ya magharibi, una maua membamba ya rangi ya kijani hafifu, na majani yake hupishana kijitini badala ya kuelekeana. Huo una sumu, hivyo haufai kuwekwa karibu na watoto wadogo.

Mahali pa kupanda

Mwasumini ni mmea wa joto. Hauvumilii jalidi, na usiku wa baridi huudumaza. Ndiyo maana mwinuko wa mji una maana kubwa. Bujumbura, iliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kwenye mwinuko wa takriban mita 800, ina joto linaloufaa mmea huu. Kampala, iliyo karibu mita 1,200, na Kigali, iliyo takriban mita 1,500, zina usiku wa baridi zaidi. Huko mmea hukua polepole na huhitaji kuchaguliwa mahali.

Panapofaa zaidi katika miji ya miinuko ni mbele ya ukuta unaopigwa na jua la mchana. Ukuta huo huhifadhi joto na kulitoa usiku, na pia huukinga mmea dhidi ya upepo. Popote utakapopandwa, mwasumini unahitaji saa sita za jua au zaidi kila siku. Ukiwekwa kivulini hurefuka, ukawa na majani mapana, na maua yakapungua.

Udongo uwe mwepesi, wenye mboji na usiotuamisha maji. Mwasumini hupenda udongo wenye uchachu kidogo au usio na uchachu wala chokaa nyingi. Kwa jambo hili bara ina nafuu kuliko sehemu nyingi za pwani, ambako chokaa ya mawe ya matumbawe huunyima mmea madini ya chuma na kuyageuza majani machanga kuwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Shimo la upana na kina cha sentimita 45 latosha. Udongo wake huchanganywa na samadi iliyooza vizuri, na mchanga kidogo ukiwa mfinyanzi. Kati ya mche na mche huachwa mita moja au moja na nusu. Asiye na kiwanja aweza kutumia chungu au ndoo ya upana wa sentimita 30, iliyotobolewa chini.

Mche hutokana na mche

Mwasumini huu ni nadra kuzaa mbegu, hivyo karibu kila kichaka kilichopo kimetokana na kijiti cha kichaka kingine. Kijiti kinachofaa si kichanga mno wala si kikavu. Huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15 na vifundo viwili au vitatu. Majani ya chini huondolewa, kifundo kimoja hufukiwa katika mchanga uliochanganywa na mboji, na chombo huwekwa kivulini, kikinyunyiziwa maji bila kuloweshwa. Mizizi huchukua wiki nne hadi sita, au zaidi penye baridi.

Njia ya pili ni ya wenye subira. Tawi la chini huinamishwa hadi ardhini likiwa bado limeshikamana na mama yake, sehemu yenye kifundo hufukiwa na kukandamizwa kwa jiwe, na ncha huachwa nje. Likishaota mizizi hukatwa na kuhamishwa. Ni mara chache njia hii kushindwa.

Wasafiri wengi hutamani kurudi na vijiti kutoka Zanzibar au Mombasa. Inafaa kukumbuka kwamba miche na vijiti vya kupanda vinavyovuka mpaka huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi vinakotoka, na aghalabu kibali cha nchi vinakokwenda. Nchini Kenya cheti hicho hutolewa na KEPHIS. Tanzania Bara hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Utaratibu huo umewekwa kwa sababu wadudu na maradhi husafiri ndani ya jani moja. Njia nyepesi ni kumwomba kijiti jirani ambaye tayari anao mmea mjini.

Maji na mbolea

Mche mchanga humwagiliwa kila udongo wa juu unapokauka. Uliokomaa hutosheka na maji mengi mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, kuliko maji kidogo ya kila siku yasiyofika kwenye mizizi. Ulio chunguni ni tofauti, kwani siku za jua kali unaweza kuhitaji maji kila siku. Matandazo ya nyasi kavu huhifadhi unyevu, lakini yasigusane na shina.

Samadi iliyooza au mboji huwekwa mara mbili au tatu kwa mwaka, hasa baada ya kupogoa. Mbolea yenye naitrojeni nyingi hunenepesha majani na kuchelewesha vitumba. Majani ya chini yakigeuka manjano ilhali udongo umelowa, aghalabu mizizi inakosa hewa. Dawa yake ni kupunguza maji.

Kupogoa

Hapa ndipo wengi hushindwa, na si kwa uvivu bali kwa huruma. Kichaka kilichoachwa na bibi au kuletwa na mgeni kutoka pwani huonekana ni kosa kukitia mkasi. Lakini tawi lililokwisha kutoa maua ncha yake huwa imemaliza kazi. Kinachozaa ni chipukizi jipya linalotoka chini ya mahali palipokatwa. Kuuonea mmea huruma ni kuunyima maua.

Wakulima wa Tamil Nadu, kusini mwa India, ambako asumini ni zao la biashara na asumini ya Madurai ilipewa ulinzi wa kisheria wa jina la asili mwaka 2013, hukata vichaka vyao mwishoni mwa Novemba hadi vikabaki kama sentimita 50 kutoka ardhini. Kufikia Machi, joto linapopanda, vichaka hivyo huanza kuchanua.

Nyumbani si lazima kukata kiasi hicho kila mwaka. Kila baada ya msimu wa maua, theluthi moja ya urefu wa matawi huondolewa, pamoja na vijiti vilivyokufa, vilivyo dhaifu na vinavyosuguana. Mkato huwa juu kidogo ya kifundo, kwa mkasi mkali na safi. Kichaka kilichopuuzwa miaka mingi hakifufuliwi kwa siku moja: nusu ya matawi makuukuu hukatwa chini mwaka wa kwanza, na nusu iliyobaki mwaka wa pili.

Wakati mzuri ni pale joto na mvua vinapokaribia. Nchini Rwanda na Burundi huo ni mwezi Septemba, kiangazi kinapokwisha. Pwani ni baada ya kipupwe, kabla ya vuli. Kutoka mkasi hadi ua inafaa kuhesabu miezi miwili hadi mitatu, na zaidi penye baridi. Familia inayotarajia harusi ya Desemba haina budi kupogoa mapema Septemba. Anayekata Novemba atakuwa ameviondoa vitumba vya harusi kwa mkono wake.

Wadudu

Vidung'ata, wanaofanana na vipande vya pamba, hukaa kwenye vifundo. Inzi weupe na utitiri mwekundu hujificha chini ya majani. Wote hupungua wakioshwa kwa maji ya nguvu, kisha kwa maji yenye sabuni kidogo, asubuhi au jioni. Kitumba kilichotobolewa huenda kina kiwavi ndani yake. Hivyo huchumwa na kuharibiwa. Dawa za sumu za madukani hazifai kabisa kwa maua yatakayovaliwa nywelini au kulazwa mtoni.

Kuchuma

Asumini huchumwa ikiwa bado kitumba. Saa za alasiri hutafutwa vitumba vilivyojaa, vyeupe kabisa, ambavyo havijafunguka. Vikitungwa uzini au kufungwa katika kikuba pamoja na rehani, kisha vikafunikwa kwa kitambaa kibichi au jani la mgomba, hufunguka vyenyewe usiku, na harufu hutoka vikiwa tayari nyweleni au kitandani kwa bibi harusi. Wachina hutegemea tabia hiyohiyo: vitumba vya mchana hupangwa pamoja na majani ya chai, navyo vikifunguka usiku chai hunywa harufu yake.

Vitumba visipochumwa huanguka vyenyewe, hivyo kuchuma hakuudhuru mmea. Na vijiti vinavyokatwa wakati wa kupogoa visitupwe jaani. Vilivyo na unene unaofaa ndivyo miche ya mwaka ujao, na kwa kuwa mwasumini hautegemei mbegu, kichaka kikifa pasipo kijiti chake kupandwa kwa jirani, mtaa mzima huweza kuupoteza.