Mathe Anadhani Tunacheza Gemu Tu

Kila Jumapili saa tatu usiku, ambayo Dubai ni saa nne, mimi na broda yangu tunacheza mpira kwa simu. Mechi tatu, hakuna ya nne, kwa sababu kesho yake anaamka saa kumi na gari la kuwapeleka kazini halimngoji mtu. Yeye huwa amelala kitanda cha juu kwa chumba cha watu sita. Mimi huwa nimekalia kiti cha plastiki hapa kwetu Umoja. Mathe akipita, maneno ni yale yale: "Watu wazima na ndevu zenu. Hiyo data si mngetumia kuongea?"

Nimenyamaza miaka mingi. Leo nataka kumjibu, lakini jibu lenyewe linaanza kabla sijazaliwa, kwa hivyo mnivumilie.

Anko wetu, kaka mkubwa wa mathe, alifanya kazi Jeddah miaka ya tisini. Enzi hizo simu Kenya ilikuwa ya shirika moja, KPTC, lile lililobeba posta na simu pamoja mpaka likagawanywa 1999. Simu nyingi za nje zilipitia kituo cha satelaiti cha Longonot, kilichofunguliwa 1970 karibu na ule mlima ambao sisi tunaenda kupanda na kupiga picha. Sauti ya mtu ilipanda angani kilomita 36,000 hivi, halafu ikashuka tena upande wa pili. Na kila dakika ililipiwa.

Nyumbani kwao hakukuwa na simu. Anko alikuwa anapiga kwa ofisi moja mtaani, saa waliyokubaliana kwa barua, na familia nzima inapanga foleni mlangoni. Mathe anasema kila mtu alikuwa amekariri maneno yake. Uko salama? Sisi tuko salama. Shamba limelimwa. Ile pesa ilifika. Haya, mwingine. Siku moja shosho alishika simu akaanza kulia, na wakamnyang'anya. Si kwa ubaya. Ni vile kulia kulikuwa kunakula dakika za wengine.

Hiyo stori mathe huisimulia akicheka, lakini mimi naiona kama historia nzima ya watu wetu walio nje. Dakika ikiwa ghali, watu hawaongei, wanatoa ripoti. Salama, ugonjwa, karo, pesa. Mambo ya kijinga, yale yanayofanya mtu awe ndugu yako na si mfadhili wako, hayana nafasi.

Halafu simu za mkono zikaja. Safaricom na KenCell zilianza 2000, na miaka michache baadaye karibu kila nyumba mtaani ilikuwa na ile Nokia 1100 ya 2003, mulika mwizi yenyewe, tochi juu na gemu ya nyoka ndani. Sisi tulikuwa na moja, ya mathe, na mimi na broda tulikuwa tunaipigania usiku. Kredo ilikuwa ya kukwangua na ilikuwa inaisha haraka, ndiyo tukagundua lugha ya kuflash. Flash moja, nimefika. Mbili, nipigie. Mnaona? Hata hapo bado ni ripoti, tena ripoti isiyo na maneno. Mwaka 2007 M-Pesa ikaingia, na kutuma pesa kukawa rahisi kuliko kutuma salamu. Mimi naipenda M-Pesa kama nyinyi, lakini tuseme ukweli: kuna watu siku hizi wakiona jina lako kwa simu wanaanza kuhesabu wamebakisha ngapi.

Mahali ambapo mimi na broda tuliongea kabisa ni kwa kibanda cha gemu. Mnavijua hivi vibanda, mabati, benchi moja, televisheni yenye mgongo, na PS2 iliyofungwa raba ili CD isiruke. Hiyo mashine ilitoka Japani Machi 2000, na ilipofika kwa hicho kibanda ilikuwa imeshazunguka nyumba nyingi. Mechi ilikuwa bob kumi. Broda alinifunza Winning Eleven hapo, na kwa miaka miwili alinifunga bila huruma.

Kitu ambacho mtu asiyecheza hawezi kuelewa ni hiki: kwa hilo benchi hamwangaliani. Mko bega kwa bega, macho kwa skrini, mikono ina kazi. Na mtu akiwa haangaliwi, anasema mambo. Hapo ndipo aliniambia ameacha chuo. Hapo ndipo nilimwambia naogopa mtihani. Na 2016, dakika ya sabini hivi, bao moja kwa moja, akaniambia bila kugeuza kichwa, "Visa imetoka." Nikauliza lini. Akasema Alhamisi. Tukamaliza mechi. Sikumbuki nani alishinda, na si kawaida yangu kusahau.

Sasa ongeza hapo mambo ya neno. Mzungu akija kufanya kazi Westlands tunamwita "expat". Broda yangu ana mkataba, ana visa ya kazi, analinda jengo ambalo yeye hawezi kulala ndani yake, lakini yeye ni "yule alienda Gulf". Wote wawili wako mbali na mama zao. Mmoja tu ndiye anayeulizwa pesa akipiga simu.

Kule UAE simu za sauti za WhatsApp zimefungwa. Mnaweza kutumiana voice note, au mtafute programu nyingine zilizoidhinishwa. Miaka ya kwanza tulikuwa tunatumiana voice note, na bila kujua tukawa kama anko. Niko salama. Pesa ilifika? Mathe anaendeleaje? Nilikuwa nasikiliza sauti yake na naona kama nasikiliza taarifa ya habari.

Siku moja akanitumia jina la gemu ya mpira ya simu. Neno lingine hakuna. Nikaipakua.

Hii kitu isingewezekana zamani, na sababu ni ya fizikia. Safari ya kwenda satelaiti na kurudi chini ni kilomita kama 72,000. Hata mawimbi yakienda kwa kasi ya mwanga, hiyo ni karibu robo sekunde, na jibu likirudi ni robo nyingine. Ping ya nusu sekunde, wasee! Unabonyeza pasi, beki ameshachukua mpira.

Mambo yalibadilika 2009, waya zilipofika Mombasa kupitia baharini. SEACOM ilianza kazi Julai mwaka huo. Na ule mwingine, TEAMS, ambao serikali ya Kenya iliuvuta pamoja na kampuni za simu, unatoka wapi? Fujairah. Hiyo ni UAE, mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja kwa gari kutoka pale broda anapolala. Ni zaidi ya kilomita 4,000 chini ya bahari, na mwanga unazimaliza kwa karibu sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Ni upande ule ule ambao majahazi yalikuwa yanapita: kaskazi inayaleta Lamu na Mombasa, kusi inayarudisha Arabuni na boriti za mikoko. Mtu akikosa upepo alingoja msimu. Sisi mechi ikikwama sekunde mbili tunatukana.

Ndiyo, data inajichagulia njia kulingana na seva iko wapi, na mechi yetu nyingine labda inazunguka Ulaya kwanza. Lakini inafika. Na ikifika, tunarudi kwa lile benchi. Ananifunga, ananicheka, ananyamaza, halafu katikati ya kona anasema, "Kuna jamaa hapa kwa chumba amefiwa na mama yake, na hajapata ruhusa ya kwenda." Hilo hawezi kuliweka kwa voice note. Voice note mathe anaweza kuisikia.

Sasa mathe, kumbuka Jumapili ya 12 Mei 2024. Ilikuwa Siku ya Mama, na Nairobi ilikuwa imetoka kupigwa na mafuriko. Broda alikuwa ameona video za mitaa imejaa maji na roho yake ilikuwa juu. Tulikuwa tumepanga ucheze mechi moja wewe mwenyewe, mimi nikuonyeshe vidole. Intaneti ikaanza kusuasua, halafu mechi ikaganda, mchezaji wako amesimama na mguu hewani. Baadaye tulisikia waya mbili, EASSy na SEACOM, zimekatika huko baharini upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima inatambaa.

Broda akanunua kredo akapiga simu ya kawaida. Ghali. Nilikuwa nimekaa kando yako nikasikia kila neno. Mko salama? Tuko salama. Maji haikuingia? Haikuingia. Ile pesa ilifika? Ilifika, Mungu akubariki. Ikakatika. Ulibaki umeishika hiyo simu kwa sikio muda mrefu, halafu ukasema, "Hata sijamuuliza kama amekula."

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uione. Sisemi gemu imetatua kitu. Broda bado yuko kitanda cha juu, miaka inaenda, na kuna mazishi mawili amekosa ambayo hakuna waya ungemrudishia. Hizi gemu pia zimetengenezwa zikule pesa, na kuna wasee hapa mtaani zimewala kweli. Lakini watu wetu wamefanya kazi Ghuba miaka na miaka wakiongea na nyumbani kwa kuhesabu dakika. Kizazi chetu ndicho cha kwanza kinachoweza kukaa na ndugu yake aliye mbali na kunyamaza, bila yeyote kunyang'anywa simu.

Kwa hivyo hapana mathe, hiyo data hatuipotezi. Jumapili hii saa tatu kuna kiti kingine cha plastiki hapa. Njoo umuulize kama amekula, kisha ukae mpaka mechi iishe.

Na wewe unayesoma, kama una mtu Doha, Riyadh, Toronto ama popote, niambie: mara ya mwisho mliongea kitu ambacho si pesa wala ugonjwa ilikuwa lini?