Miaka 20 ya ripoti iliyowasemea maofisa ustawi wa Scotland

Miaka 20 imetimia tangu Februari 2006, serikali ya Scotland ilipotoa ripoti ya Changing Lives kuhusu mustakabali wa huduma za ustawi wa jamii. Tathmini iliyoizaa ripoti hiyo ilianza 2004, wakati halmashauri zikihangaika kupata maofisa na imani ya wananchi ikiwa imeshuka. Mwenyekiti wake, William Roe, na wenzake hawakuuma maneno: kuendelea na yaleyale hakutafaa. Ujuzi wa maofisa ulikuwa hautumiki ipasavyo. Muda wao ulimalizwa na fomu na mafaili, familia zikisubiri.

Chimbuko la huduma hizo ni Jaji Kilbrandon. Kamati yake, iliyoundwa 1961, iliulizwa watoto wanaovunja sheria wafanyweje. Aprili 1964 ilijibu kwamba mtoto aliyeiba na mtoto aliyetelekezwa wana mahitaji yaleyale. Waondolewe mahakamani, wasikilizwe na raia watatu wa kawaida, na huduma zao ziwe chini ya idara ya elimu.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Wengi waliyaafiki mabaraza hayo ya watoto; idara ya elimu ndiyo iliyowashinda kumeza. Wanataaluma wa ustawi waliona watakuwa chini ya wakurugenzi wa shule, na wakauliza mzee mgonjwa au mtu mwenye ulemavu atahudumiwa na nani. Judith Hart, naibu waziri aliyeshughulikia jambo hilo, aliita washauri watatu: Profesa Richard Titmuss wa London, pamoja na Kay Carmichael na Megan Browne, waliofundisha taaluma hiyo hukohuko Scotland. Waraka wa serikali wa 1966 ukaamua iundwe idara moja inayojitegemea, ya kumhudumia kila mwenye shida. Sasa wakaja juu maofisa probesheni, ambao hawakutaka kumezwa na idara hiyo mpya na kupoteza hadhi yao mbele ya mahakimu. Walishindwa, ingawa wenzao wa England waliachwa na huduma yao.

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ustawi wa Jamii ya 1968 kikaipa kila halmashauri wajibu wa kukuza ustawi wa jamii. Ni wajibu mpana ajabu, na kwangu mimi ndio urithi mkubwa kuliko wote wa ugomvi ule. Aprili 15, 1971, mabaraza ya watoto yakaanza kazi: wajumbe watatu wa kujitolea, meza moja, mtoto amekaa na wazazi wake, na hakuna kizimba wala majoho. Nchi chache zimethubutu kumheshimu mtoto kiasi hicho.

Kisha ikaja kashfa ya visiwa vya Orkney. Alfajiri ya Februari 27, 1991, maofisa ustawi na polisi waliingia katika nyumba za familia nne kisiwani South Ronaldsay, wakachukua watoto tisa kwa madai ya unyanyasaji wa kingono. Walisafirishwa mbali na kwao, na barua walizoandikiwa zikazuiwa. Aprili 4 hakimu David Kelbie aliitupilia mbali kesi hiyo, na watoto wakarudishwa siku hiyohiyo. Uchunguzi wa Jaji Clyde, uliotolewa Oktoba 1992, uliwakosoa vikali maofisa, na sheria ya watoto ya 1995 ikabana utaratibu wa kumchukua mtoto kwa dharura. Ilistahili kubanwa. Lakini naamini mafaili yaliyolalamikiwa 2006 yalizaliwa kwa sehemu na woga ulioanzia pale: ofisa akaanza kuandika ili kujikinga.

Baadaye mjadala ukahamia kwenye miundo. Sheria ya 2014 iliunganisha huduma za afya na matunzo ya jamii. 2022 ukaja muswada wa huduma ya matunzo ya kitaifa, halmashauri na vyama vya wafanyakazi vikaupinga, na Januari 2025 serikali ikaachana na mpango wa kuunda huduma hiyo. Kilio cha maofisa waliosikilizwa na Roe kilikuwa chepesi kuliko miundo yote hiyo: wapewe muda wa kukaa na familia. Muda huo hununuliwa kwa kuajiri watu, na fedha za kuajiri ndizo halmashauri za Scotland zinazozililia hadi leo.