Utunzaji wa Kitovu cha Mtoto Mchanga: Elimu kwa Mama wa Uzazi wa Kwanza

Kitovu cha mtoto kinapokatwa, sehemu inayobaki ni kidonda chenye mishipa ya damu. Vijidudu vikipenya hapo huweza kuenea mwilini kwa muda mfupi. Kwa hiyo mama anayejifungua kwa mara ya kwanza, pamoja na bibi au shangazi atakayemsaidia katika siku arobaini, wanapaswa kuujua utunzaji wake kabla ya kuondoka kituoni.

Utunzaji wa kila siku

• Nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni kabla na baada ya kugusa kitovu.
• Kunja nepi chini ya kitovu ili kipate hewa na kisiloane mkojo.
• Kikichafuka, kisafishe kwa maji safi na sabuni, kisha kikaushe kwa kitambaa safi.
• Usimwogeshe mtoto kabla ya saa 24 tangu azaliwe.
• Usikivute wala kukikata. Hukauka, huwa cheusi na hudondoka chenyewe, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 15.

Vitu vya kuepuka

Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kiachwe kisafi na kikavu. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, masizi, mafuta, poda na dawa ya meno havifai kupakwa. Dawa ya klorheksidini itumike tu kwa maelekezo ya mtoa huduma za afya, na isiingie machoni kwa kuwa huweza kuyadhuru.

Hatari kubwa ni pepopunda, ambayo vimelea vyake huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kutokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga, yaani chini ya mgonjwa mmoja kwa kila vizazi hai 1,000 katika kila wilaya. Hata hivyo, vimelea hivyo havijatoweka ardhini. Kinga inategemea chanjo kwa mjamzito, vifaa safi vya kujifungulia na usafi wa kitovu.

Ipo imani kwamba kitovu kikidondokea sehemu za siri za mtoto wa kiume kitamnyima uwezo wa kuzaa. Imani hiyo haina ukweli, na isiwe sababu ya kukiharakisha kidondoke.

Dalili za hatari

Mpeleke mtoto kituo cha huduma za afya mara moja ukiona:

• wekundu au uvimbe kuzunguka kitovu;
• usaha, harufu mbaya au damu isiyokoma;
• joto la mwili kufikia nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili kuwa wa baridi;
• kushindwa kunyonya, kukakamaa au degedege.

Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri kisha akaacha asisubiriwe hadi kesho. Aidha, mama ahudhurie kliniki baada ya kujifungua kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi, hata kama mtoto anaonekana mzima.