Reli ya Bububu: Njia Iliyomezwa na Barabara

Mtu akiuliza asili ya jina la Bububu, jibu analopewa mara nyingi ni la haraka na la kuchekesha: gari la moshi lilikuwa likifika kijijini likipumua bu-bu-bu, na watu wakakiita kijiji kwa sauti yake. Hadithi hii ni tamu, na utamu wake ndio uliouiwezesha kuishi. Lakini haisimami. Sayyida Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin mwaka 1886, anaeleza jinsi alivyohamia Bububu, akaipenda nyumba yake ya kando ya bahari, kisha akajikuta hana budi kumwachia konseli wa Kiingereza aliyeitaka. Mambo hayo yalipita mwanzoni mwa miaka ya 1860, na mwaka 1866 Salme mwenyewe aliihama Unguja. Gari la moshi lilifika Bububu mwaka 1905. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na jina lake miaka arobaini na zaidi kabla injini haijapiga king'ora chake cha kwanza huko. Mimi naegemea upande wa wale wasemao kwamba jina ni la maji. Bububu ni mahali pa chemchemi, na Kiswahili chetu kina kitenzi kububujika, ambacho hakihitaji makaa wala moshi ili kieleweke.

Nimeanza na jina kwa sababu ndilo lililobaki. Reli zenyewe ziling'olewa zamani, mabehewa hayapo, na aliyezaliwa baada ya vita vya pili vya dunia hakuiona treni hiyo ila katika picha. Hata hivyo watu wa mjini bado wanaikumbuka kwa namna ya ajabu: wameipa sifa ya kukibatiza kijiji kilichokuwapo kabla yake, na wamesahau karibu kila jambo jingine juu yake.

Haikuwa hata reli ya kwanza ya Unguja. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alipenda kila kilicho kipya, na mwishoni mwa miaka ya 1870 alitandika reli kutoka kwenye jumba lake la mjini hadi kwenye jumba lake la Chukwani, upande wa kusini, maili saba hivi. Mwanzoni mabehewa yalikokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Ilikuwa reli ya mtu mmoja na nyumba yake, na Barghash alipofariki nayo ikafa, chuma chake kikauzwa kama chakavu. Tusimcheke Sayyid. Reli ya Uganda, ambayo ndiyo tuliyofundishwa skuli kuwa mwanzo wa treni Afrika Mashariki, ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Alipoagiza injini yake, huko bara hakukuwa na hata pau moja ya chuma iliyolazwa chini kwa ajili hiyo.

Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co. ya New York. Jina hilo ni geni kwetu leo, lakini enzi zile lilijulikana vyema katika maduka ya pembe. Kampuni hiyo ilikuwa ikinunua meno ya ndovu Unguja na kuyapeleka New England, ambako yalipasuliwa yakawa vibao vya kupigia piano. Mtu akitaka kuona jinsi njia za dunia zinavyopindana, atazame hapo: ndovu aliyeuawa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, pembe iliyobebwa mabegani mwa wapagazi hadi Bagamoyo, dau hadi Unguja, meli hadi Marekani, na mwisho wake binti wa Boston anajifunza wimbo wa kanisani. Kampuni iliyonawiri kwa mabega ya wapagazi ndiyo iliyotuletea treni.

Njia ilianzia Ngome Kongwe, ikapita Malindi, ikatoka mjini na kuufuata mwambao wa kaskazini kwa kiasi cha kilomita 11. Malindi mitaa ilikuwa myembamba kiasi kwamba treni ilipopita watu walirudi milangoni mwao na kujibana, na picha za zamani zinaonyesha hivyo hasa: injini katikati, ukuta huku na ukuta kule, na watoto wakichungulia barazani. Kulikuwa na behewa la daraja la kwanza kwa ajili ya abiria wa meli waliokuwa na saa chache tu bandarini na wakitaka kuona minazi. Wenyeji walipanda mengine.

Hapo pana jambo la kutazamwa kwa makini. Mwaka mmoja kabla ya treni kuanza, yaani 1904, mji ulipata soko jipya la Darajani, ambalo mpaka leo watu wa shamba wanalileteamo ndizi, muhogo, mbatata na samaki. Kituo kikuu cha reli hakikuwekwa sokoni. Kiliwekwa Ngomeni, mbele ya bahari, pale mgeni ashukapo kutoka melini. Mkulima wa Bububu aliyepakia mikungu yake ilimbidi aishushe Ngomeni, kisha amlipe hamali au aibebe mwenyewe kichwani hadi Darajani. Na upande wa pili nako ni vivyo hivyo. Mali ya Unguja wakati ule ilikuwa karafuu, na karafuu haikuwa Bububu tu. Ilikuwa ndani zaidi, Kizimbani, Dole, na kwenye vilima vya nyuma yake. Reli ilisimama pale ambapo safari ya mkulima ilikuwa bado haijaanza, ikaishia pale ambapo ilikuwa bado haijakwisha. Sishangai kwamba watu waliichoka upesi. Serikali iliinunua mwaka 1911, na tayari kilio cha wananchi kilikuwa ni barabara, si treni. Barabara huingia hadi mlangoni; punda huigeukia kila upande; na gari la ng'ombe halina ratiba. Mwaka 1922 huduma ya abiria ilisimamishwa. Baada ya hapo treni ikabaki kubeba mawe ya kazi za bandari, na kabla ya muongo ule kumalizika nayo kazi hiyo ikawa imekwisha.

Mawe! Historia ya njia hii ni ya mawe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sayyid Said bin Sultan alianza kujenga jumba la Beit el Ras mwaka 1847, kwa kuwa jumba la Mtoni lilikuwa limejaa wake, watoto na watumwa hata pakawa hapana nafasi. Alifariki mwaka 1856 jumba halijamalizika, na Sayyid Majid hakuliendeleza. Likakaa gofu nusu karne. Ilipojengwa reli, mawe mengi ya gofu hilo yalichukuliwa yakatumiwa katika ujenzi wake. Kwa hiyo abiria wa daraja la kwanza aliyekuwa akipunga upepo na kuuliza hayo magofu ni ya nani, alikuwa akipita juu ya sehemu ya jibu lake. Yaliyosalia yalibomolewa mwaka 1947 ili ipatikane nafasi ya skuli na chuo cha ualimu, ila baraza ya mbele ambayo iliachwa. Walimu wengi waliotufundisha sisi kushika kalamu wamesomea uwanja ule.

Msomaji anayetaka kuifuata njia hii kwa miguu, naifuate asubuhi, kwa sababu mchana vumbi na moshi wa magari vitamshinda. Aanzie ndani ya Ngome, ambayo kwa muda ilikuwa bohari ya reli. Siku hizi pana ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe, na tangu 1998 watu hukusanyika hapo katika Tamasha la Nchi za Jahazi kutazama filamu na kusikiliza muziki. Atoke, apite Malindi polepole, apime kwa mikono yake miwili upana wa mitaa, na huko atauona ukweli wa zile picha kuliko kitabu chochote kitakavyomwonyesha. Kisha njia inamtoa mjini, na kuanzia hapo atakuwa anatembea kando ya barabara kuu, kwani barabara imekalia kwa sehemu kubwa mkondo ule ule wa reli, na daladala za 502 zinafanya kazi ile ile iliyoshindwa na injini, kwa vurugu nyingi zaidi na kwa mafanikio makubwa zaidi. Kushoto kwake ataona nguzo za Marhubi, jumba alilolijenga Barghash na likaungua mwaka 1899, miaka sita kabla ya treni. Baadaye Mtoni, alikozaliwa Salme mwaka 1844. Halafu Kibweni, Beit el Ras, na mwisho Bububu. Ni mwendo wa saa tatu kwa asiye na haraka. Katika kipande hiki kifupi cha mwambao pamepangwa magofu kama shanga, na njia ya reli ilikuwa ndio uzi wake.

Lakini njia yenyewe haina alama. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilizoea kutembea katika wilaya ya Derbyshire, karibu na mji mdogo wa Bakewell, ambao kila Jumatatu una gulio la mifugo na mboga. Reli ilipitishwa huko mwaka 1863, na mwandishi mkubwa John Ruskin aliikasirikia kwa maneno makali, akiona bonde zuri limeharibiwa ili tu watu wa mji mmoja waweze kufika mji wa pili kwa nusu saa. Mwaka 1963 Richard Beeching alitoa ripoti yake iliyopendekeza kufungwa kwa vituo zaidi ya 2,300 nchini Uingereza, na njia ya Bakewell ikafungwa mwaka 1968. Mwaka 1981 ikafunguliwa tena, safari hii kwa waendao kwa miguu, na mwaka 2011 hata mahandaki yake yakawashwa taa watu wapite. Lile daraja ambalo Ruskin aliliona ni aibu, leo linalindwa na sheria kama turathi, na watu hupanga foleni kulipiga picha.

Wenzetu wengine husikia habari kama hiyo wakasema: nasi tufanye vivyo hivyo. Sidhani kuwa jambo ni jepesi kiasi hicho. Waingereza waliweza kuyafanya matuta ya reli kuwa njia za matembezi kwa kuwa hakuna aliyeyahitaji kwa kazi nyingine. Magari yalikwisha kupata barabara zao kwingine. Sisi tuliuhitaji mkondo huo kesho yake. Huko kusini mwa Tanganyika reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, ule wa Nachingwea uliovunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya paundi, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 bila ya yeyote kufikiria matembezi. Chuma kilikuwa na thamani, na tuta lilikuwa njia ya kupitia. Mtu mwenye mzigo wa korosho kichwani hatembei kwa ajili ya mandhari.

Ninachokidai mimi ni kidogo zaidi, na kwa sababu hiyo labda kinawezekana. Kibao kimoja Ngomeni kiseme treni ilianzia hapa. Kingine Malindi, pale mtaa unapobana. Kingine Beit el Ras, kiseme mawe ya jumba yalikwenda wapi. Na cha mwisho Bububu, kiseme jina ni la zamani kuliko injini, ili watoto wa skuli ya pale wasiendelee kuambiwa kwamba kijiji chao kilikuwa hakina jina mpaka Mmarekani alipokuja kukipigia king'ora. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020, sote tumekuwa wepesi wa kulilia majumba. Njia hazina wa kuzililia, kwa kuwa haziporomoki. Hufunikwa tu na nyingine, na atembeaye juu hajui kilicho chini.

Mtembezi akifika Bububu asigeuke upesi kutafuta daladala. Reli iliishia hapo, lakini njia za miguu zinaendelea kuelekea mashariki, zikipanda kidogo kidogo baina ya minazi na michungwa hadi Kizimbani, ambako karafuu zilipandwa mapema kuliko karibu kila mahali pengine Unguja. Salme alikuwa akikaa huko kabla hajahamia pwani, na anasimulia upweke wa shamba na jinsi alivyoikosa bahari. Alisafiri kwa punda. Siku za mavuno njia hizo hunukia, kwani karafuu huanikwa juu ya majamvi mbele ya kila nyumba, na mpita njia hana budi kuikunja nguo yake na kupita ukingoni.