Makumbusho ya Maji Maji Songea na Ushahidi Usiowekwa Kabatini

Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea, kusini mwa Tanzania, yamo pamoja na kaburi la wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Silaha na sanamu zilizomo humo humpa mtazamaji sura ya vita vya mashujaa. Sura hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika.

Vita hivyo, vilivyoanza Umatumbi Julai 1905 kwa kung'oa pamba iliyolimwa kwa shuruti, havikumalizwa kwa risasi peke yake. Chini ya Gavana Götzen, majeshi yalichoma vijiji, yakateketeza mashamba na kunyang'anya nafaka, hata njaa yenyewe ikawa silaha. Makadirio ya waliokufa hutofautiana, kuanzia 75,000 hadi 300,000. Wengi wao waliuawa na njaa na maradhi, na miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto ambao hawakupata kushika mkuki.

Mkuki huwekwa kabatini, njaa haiwekeki. Ushahidi wake umo katika usemi wa walioiona. Mnamo 1968 wanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee, wakaandika upande wa habari usiosikika katika majalada ya Kijerumani. Wazee wale wamekwisha kufa. Kwa hiyo maneno yao, katika lugha walizoyasemea, ni mali ya makumbusho sawasawa na ngao na mishale.

Uzito wa usemi huo unadhihirika katika habari za Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake. Wazao wake husimulia kwamba baada ya kunyongwa alikatwa kichwa, nacho kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaomba msamaha mbele ya wazao hao, akasema kwamba Ujerumani itajaribu kukitafuta. Dai hilo lilidumu zaidi ya karne moja kwa sababu ukoo haukuacha kulisimulia.

Hapana budi, basi, makumbusho ya wenyeji yahesabu masimulizi kuwa miongoni mwa vitu vyake vya kwanza, wala yasiyafanye maelezo mafupi ya kubandikwa chini ya mkuki.